Vipima viwili, namba mbili: joto na pH visipokubaliana kwenye tangi la samaki

Simu iliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katikati ya Julai, mtaa wetu wa Sakina hapa Arusha bado uko ndani ya ukungu na birika halijachemka. Alikuwa shemeji yangu wa Njiro, mwenye tangi la samaki sebuleni. Maji yake huyapima joto na pH, yaani kiwango cha uasidi (7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni magadi), kwa kalamu ya pH ya betri na kipimo cha ukutani.

"Shemeji, samahani kukuamsha. Samaki nawapoteza. Kalamu inasema pH 8.7, kile cha ukutani kinasema 7.9. Joto nalo, ile karatasi ya kwenye kioo inasema 23, cha ukutani 26. Sijui niamini kipi. Nimeshaweka siki iishushe pH."

"Siki kiasi gani?"

"Vijiko viwili vya chakula."

"Basi usiongeze kitu. Samaki wenyewe wanafanyaje?"

Akanyamaza, nikasikia kandambili zikiburuzwa mpaka sebuleni. "Wapo tu. Wanadhani nimewaletea chakula."

Hilo ndilo swali la kwanza, kabla hujagusa chupa yoyote. Samaki wanaohema juu ya maji, waliokunja mapezi, au wanaojikwangua kwenye mawe, hao hawasubiri mambo ya vipimo. Wabadilishie robo ya maji, waongezee hewa, mengine baadaye. Lakini samaki wakiwa wanakula na kuzurura kama kawaida huku namba zikigombana, mgonjwa ni kipimo. Na kipimo hakitibiwi kwa siki.

Si kila tofauti ni ugomvi

Vipimajoto vingi vya bei ya kawaida vinaruhusiwa kukosea nusu nyuzi kila kimoja. Viwili vinaweza kupishana nyuzi moja nzima na vyote vikawa ndani ya ahadi ya kiwanda. Kalamu za pH nazo, kimoja kikikosea 0.1 kwenda juu na mwenzake 0.1 kwenda chini, umeshapata 0.2. Mimi huanza kuhangaika joto likipishana kwa zaidi ya nyuzi moja na nusu, au pH kwa zaidi ya 0.3. Chini ya hapo naendelea na chai yangu.

Kwa nini kuhangaika kabisa? Kwa sababu ya amonia. Samaki hutoa amonia, zaidi kupitia matamvua, na sehemu yake iliyo sumu hutegemea pH na joto. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 yana chini ya asilimia 1 ya amonia yote katika hali ya sumu. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5, kwenye pH 9 inapita asilimia 35. Kwa hiyo 7.9 na 8.7 za shemeji ni matangi mawili tofauti kabisa, na haifai kugawanya katikati ukasema "basi ni 8.3".

Anza na joto, lakini usilisingizie

Watu wengi wakiona joto na pH vyote vinapishana husema joto ndilo linaloiharibu pH. Linachangia, ila kidogo mno. Kihisi cha pH, ile ncha inayoingia majini, hutoa umeme mdogo, takribani milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH kwenye nyuzi 25. Kwenye nyuzi 20 ni 58, kwenye nyuzi 30 ni 60. Piga hesabu: kama maji ni pH 8.7 na kipimo kimedanganywa joto kwa nyuzi 5, kosa la pH ni kama 0.03. Hata ukikidanganya kwa nyuzi 10 hufiki 0.1. Joto peke yake haliwezi kuleta pengo la 0.8. Ukiona pengo kubwa hivyo, una matatizo mawili yaliyokutana asubuhi moja.

Ninaanza na joto kwa sababu ni rahisi kulihakikisha, na kwa sababu hita iliyokwama ikiwaka huua samaki haraka kuliko pH yoyote.

Joto: tofauti ni ileile kutwa nzima

Kama kimoja kimezidi mwenzake kwa nyuzi mbili asubuhi, mchana na usiku, kimojawapo kimepotoka tangu kiwandani au kimechoka. Dawa ni barafu. Nunua zile za mfuko wanazouza mtaani kwa mwenye friji, zisiwe za ukwaju wala rangi. Zivunjevunje, jaza bilauri mpaka juu, mimina maji baridi kidogo yazibe nafasi, koroga, subiri dakika tatu. Hapo katikati ni nyuzi 0. Tumbukiza vihisi vyote pamoja, visiguse ukuta wa bilauri, endelea kukoroga polepole. Kinachosoma 0.4 ni kizima. Kinachosoma 2.5 umekishika.

Kalamu ya pH usiitie humo. Kioo chake hakipendi baridi ya ghafla.

Kuna anayependa kutumia maji yanayochemka kama "nyuzi 100". Huku kwetu usifanye hivyo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye takribani nyuzi 95. Moshi ni chini kidogo, yanachemka karibu na 97. Nimewahi kutupa kipimajoto kizima kabisa kwa sababu kilisoma 95 kwenye sufuria. Kilikuwa kinasema kweli, na mimi ndiye niliyesahau ninaishi mlimani. Barafu haina matata hayo, mwinuko hauisumbui.

Ukitaka hakika ya upande wa joto, tumia kipimajoto cha homa cha dijitali, kile cha duka la dawa. Kazi yake ni kati ya nyuzi 32 na 42 na hukosea kidogo sana. Changanya maji ya uvuguvugu, yaguse kwa kiwiko kama unavyomwandalia mtoto maji ya kuoga, kisha shika vipimo vyote pamoja mpaka cha homa kilie. Kumbuka chenyewe hushikilia namba ya juu kabisa kilichoiona, kwa hiyo usianze na maji ya moto ukisubiri yapoe.

Joto: tofauti inabadilika kadiri siku inavyokwenda

Hapa kipimo hakina kosa, kosa ni pale kilipokaa. Ile karatasi ya kubandika, inayobadilika rangi, inapima kioo. Upande mmoja wa kioo ni maji, upande wa pili ni sebule ya Julai ambayo usiku imekuwa baridi. Ya shemeji ilikuwa imebandikwa upande wa dirisha, kwa hiyo alfajiri ilisoma chini na saa tisa alasiri, jua likipiga, ikasoma juu kuliko vyote. Karatasi hizo zinafaa kukuonyesha kwamba jana na leo havifanani. Kwa kazi nyingine yoyote, zibandue.

Kihisi kilicho sentimita chache kutoka kwenye hita nacho kitakudanganya, kila hita ikiwaka kinapanda. Kiweke mwisho wa pili wa tangi, katikati ya kina, pale maji yanapotembea. Na umeme ukikatika usiku, filta husimama, maji ya moto yanabaki juu na ya baridi yanazama. Umeme ukirudi, kwa robo saa ya kwanza vipimo viwili vilivyo kwenye vina tofauti vitapishana, na vyote vitakuwa sahihi. Acha filta izungushe ndipo usome.

Cha kuangalia pia, maana kimenipotezea jioni nzima: vipimo vingi vya ukutani vina nyaya mbili, moja ya pH na moja ya joto. Ya joto hupenda kuchomoka majini wakati wa kusafisha na kubaki inaning'inia nyuma ya kabati. Hapo inasoma joto la sebule yako kwa uaminifu mkubwa.

Joto: namba za ajabu

Hili ni la wale wanaojitengenezea kipimo kwa kihisi cha DS18B20 na bodi ndogo ya kompyuta. Ukiona 85 kamili, kihisi kimewashwa lakini hakijapewa muda wa kupima. Ukiona −127, programu haikioni kihisi kabisa, yaani waya umekatika au umelegea. Namba zikirukaruka, fungua kiungio: mara nyingi unyevu umeingia na shaba imegeuka kijani.

pH: matone yamekwama kwenye 7.6

Sasa tuje kwenye pH, na nianze na kosa ninaloliona kuliko yote hapa mjini. Mtu ana kalamu inayosema 8.5 na chupa ya matone ya rangi inayosema 7.6, wiki nzima 7.6, hata akibadilisha maji. Anaitupa kalamu.

Matone huuzwa kwa ngazi. Ya ngazi ya chini mengi hupima kuanzia 6.0 mpaka 7.6, basi. Maji ya 7.6, ya 8.2 na ya 9 yote yatageuka bluu ileile ya mwisho, kwa sababu karatasi ya rangi haina pa kwenda. Hiyo 7.6 isome kama "7.6 au zaidi". Nunua matone ya ngazi ya juu, yanayoanza kama 7.4 mpaka 8.8. Ukiona bluu ya mwisho kwenye ya kwanza na rangi ya katikati kwenye ya pili, umepata jibu, na kalamu iokote huko ulikoitupa.

Hili linatukuta Arusha zaidi kwa sababu ya maji yenyewe. Mengi yamepita kwenye miamba ya volkano ya Meru na yamebeba bikaboneti ya sodiamu, pamoja na floraidi ileile inayowapa wenyeji meno ya kahawia. Floraidi kwa viwango hivyo haichanganyi kipimo cha pH, ina kesi zake nyingine. Bikaboneti ndiyo inayoipandisha namba na kuishikilia huko juu.

pH: kinakubali kwenye 7, kinakataa kwenye 9

Hapa ndipo kile cha ukutani cha shemeji kilipokamatwa.

Kihisi cha pH ni kioo chembamba chenye tabia ya betri. Kwenye pH 7 kinatoa milivolti 0, ukisogea kila upande kinaongeza. Kikichoka, kikikauka, au kikiwa na ufa usioonekana, kinaendelea kutoa karibu sifuri kwenye 7, lakini mteremko wake unakuwa mdogo: mahali pa milivolti 59 kinatoa 34. Mtu anakisawazisha, yaani anakirekebisha kisome sawa, kwa bafa moja tu (maji yenye pH inayojulikana) ya 6.86, kinasoma 6.86 vizuri, anaridhika. Kumbe kipimo kilichokufa nusu hufaulu mtihani huo kila siku.

Kwa hiyo tumia bafa mbili, na ya pili iwe upande wa maji yako. Kalamu nyingi huja na vipakiti vya unga vya 4.00 na 6.86. Kwa maji yetu tafuta pia cha 9.18. Yeyusha kila kipakiti kwenye maji yaliyoondolewa chumvi zote, kiasi kilichoandikwa, mara nyingi mililita 250. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa, ila soma chupa mara mbili: kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri, na zinakaa rafu moja. Usitumie ya bomba. Bikaboneti yake itasogeza bafa, hasa ile ya 4.00, nawe utasawazisha kwa namba ya uongo.

Tukafanya hivyo Njiro jioni ile. Kalamu kwenye 6.86 ikasoma 6.9, kwenye 9.18 ikasoma 9.2. Cha ukutani kwenye 6.86 kikasoma 6.86 kamili, kwa madaha. Kwenye 9.18 kikasoma 8.2. Gawanya: kilipaswa kupanda 2.32, kimepanda 1.34, yaani asilimia 58. Kihisi kizuri hutoa asilimia 95 na zaidi. Kikishuka chini ya 85 hivi mimi sikisamehi. Cha shemeji kilikuwa kimeng'olewa wakati wa kuhama na kukaa miezi mitatu kwenye boksi, kikavu.

Bafa nazo hubadilika na joto, usishtuke. Ile ya 9.18 ni 9.18 kwenye nyuzi 25, kwenye nyuzi 20 ni 9.22. Jedwali lipo nyuma ya kipakiti. Na bafa uliyokwisha kuchovyea usiirudishe kwenye chupa.

pH: namba inatambaa, haitulii

Kihisi kizima hutulia ndani ya dakika moja au mbili. Kinachotambaa dakika kumi, kwanza kitazame kichwani. Utelezi wa kijani au ukungu mweupe wa chumvi unazuia maji kugusa kioo. Utelezi utoe kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, kwa mswaki laini sana. Ukungu mweupe uloweke kwenye siki kwa dakika 10 (hapa siki ina kazi halali). Suuza, kisha kiache saa kadhaa kwenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu (maji ya chumvi ya kuhifadhia kihisi) ndipo usawazishe upya. Usikifute kwa kitambaa, kigongegonge tu maji yadondoke.

Kama kichwa ni safi, huenda maji ndiyo mepesi. Mdogo wangu aliyeko Pasua, Moshi, hukinga mvua za masika kwa ajili ya samaki wake, na kila mwaka hunipigia kusema kalamu imeharibika. Maji ya mvua karibu hayana chumvi, na kihisi kinahitaji chumvi kidogo ili umeme wake upite. Namba itayumba. Na pH yenyewe kwenye maji hayo huyumba kweli, maana hakuna bikaboneti ya kuishika. Humo subiri dakika tano kwenye maji yaliyotulia, na usiamini nukta ya pili.

pH: inaruka hita ikiwaka

Hii isome ukiwa umekaa. Namba imetulia kwenye 8.4, hita inawaka taa, namba inaruka 7.1 au 10.3, hita inazima, inarudi. Kihisi kinafanya kazi na milivolti kama 100 tu. Hita au pampu iliyopasuka insulesheni inavujisha umeme wa volti 230 majini, kidogo kidogo, na kihisi kinausoma kama pH.

Jaribio ni moja: chota maji ya tangi kwa kikombe cha plastiki, kiweke mbali, hamishia kihisi humo mara moja. Kama kikombe kinasema 8.4 na tangi linasema 7.1, pH haina kesi. Usitie mkono majini kabla ya kuchomoa kila kitu ukutani. Halafu rudisha kifaa kimoja kimoja, mikono ikiwa nje, mpaka namba iruke, na hicho kifaa kitupe. Hita iliyovuja haigundishwi. Tazama na plagi pia: adapta ya pini mbili inakata waya wa ethi, ule wa ardhini, na ekstensheni nyingi za mtaani hazina ethi ndani hata kama zina tundu tatu. Mwite fundi umeme.

Kalamu ya betri mara nyingi haitaonyesha mruko huu, kwa sababu haijaunganishwa na ukuta. Ndiyo maana watu huilaumu ya ukutani, wanaichomoa, na kuendelea kutia mkono kwenye maji yenye umeme.

Vyote viwili viko sahihi

Mwisho kuna asubuhi ambayo umepima barafu, umepima bafa, na bado daftari lako lina 8.2 na 8.6. Angalia saa. Usiku mimea na samaki wote hutoa hewa ya ukaa, inayeyuka na kushusha pH. Mchana mimea inaila na pH inapanda. Alfajiri na saa kumi jioni si maji yaleyale. Hali kadhalika ukichota maji ukayapeleka jikoni ukayasahau nusu saa, hewa ile imetoka na namba imepanda. Maji ya kisima nayo yakitoka tu husoma chini, yakilala kwenye ndoo usiku mmoja husoma juu. Pima mahali pamoja, saa ileile.

Siki ya shemeji ilipita njia hiyohiyo. Iligeuza bikaboneti kuwa hewa ya ukaa, pH ikashuka, hewa ikatoka kwa mapovu ya filta, na jioni nilipofika kalamu ilikuwa imerudi 8.6. Angeendelea kuongeza kila siku angewarusha samaki juu na chini kama lifti. Na samaki wenyewe ni wa Ziwa Tanganyika, ambako maji ni kati ya 8.6 na 9. Wamezaliwa humo. Kaskazini mwa mkoa wetu huuhuu, Ziwa Natron, kuna jamii ndogo za perege wanaoishi kwenye magadi ya pH inayokaribia 10.

Amenunua kihisi kipya. Kofia yake ina matone ya kloridi ya potasiamu ndani, si maji ya betri, maana hayo hunyonya chumvi ya kihisi na kukiua taratibu. Joto halisi lilikuwa 25.6, karatasi ameibandua, na siki imerudi kwenye kachumbari.